Mikeka Ipo, Ijumaa Saa Nane

Jumatatu, 23 Oktoba 2017. Gungu, Kigoma.

Nimerudi kutoka semina! Hotelini, feni zinazunguka, soda kwa kila mtu, begi la kitambaa bure. Mada: namna ya kutangaza biashara ndogo za kazi za mikono. Kusema kweli sikualikwa. Aliyealikwa ni shemeji Veneranda, mdogo wake mke wangu, msukaji wa mikeka na vikapu. Veneranda alisema hawezi kukaa kwenye kiti kutwa nzima kusikiliza watu wasiojua kusuka. Nikaenda badala yake. Mwalimu mstaafu hakosi kalamu.

Nilielewa kila kitu kabla mwezeshaji hajamaliza. Nikamsaidia kueleza. Alinishukuru, akaniomba nikae.

Siri yenyewe ni hii. Usimpigie mteja kelele. Msimulie. Asiyejua mkeka umetoka mikononi mwa nani atanunua wa plastiki. Halafu kazi igawanywe kwa siku, kama ratiba ya vipindi. Jumatatu, kukusanya habari. Jumanne, kuandika. Jumatano, picha. Alhamisi, kurusha. Ijumaa, kupokea wateja. Jumamosi, kupima matokeo. Jumapili, misa. Habari moja tu, lakini inapita kote, kama maji ya mfereji yanavyonywesha tuta baada ya tuta. Nimeuita Mfereji wa Habari. Mwezeshaji alikuwa na jina jingine, refu. Langu ni bora.

Na haja ipo. Tangu wakimbizi waanze kuvuka tena kutoka Burundi, mji umejaa magari meupe yenye antena, na kila mwenye chumba amejiona mwenye ofisi. Omari, mwenye fremu ya duka anayopanga Veneranda, amefuatwa na shirika linalotafuta stoo ya matairi. Omari ana huruma, ila huruma yake ina tarehe: mwisho wa mwezi huu. Amemwambia Veneranda kwamba akiona watu mlangoni pake, atabaki. Asipowaona, matairi yanaingia.

Mlangoni pa Veneranda leo alikuwepo kuku. Hata kuku mwenyewe si wake.

Veneranda ni mjane. Akikosa fremu atarudi kutembeza mikeka kichwani mpaka sokoni Ujiji, na goti lake limeshakataa safari hizo. Nimemwambia asihofu. Akashusha pumzi ndefu. Nadhani ni faraja.

Nimemweleza pia Mzee Khalfani wa Ujiji, karani mstaafu wa bandari. Huyu ni kiongozi wa kundi letu la WhatsApp na mwenyekiti wa chama cha kuzikana; vyeo viwili, na vyote anavivaa kama kanzu ya Idi. Akasema mkeka mzuri hujiuza wenyewe. Nikamwuliza mbona basi chama chake hutoa matangazo. Akajibu kwamba maiti hawezi kujisemea.

Wivu mtupu!

Jumanne, 24 Oktoba.

Kuandika. Hapa niko nyumbani. Kwa miaka mingi mimi ndiye mwandishi wa historia za marehemu wa parokia nzima. Hakuna anayezikwa Gungu bila sentensi zangu. Watu hulia kabla sijageuza ukurasa. Kipaji hicho leo nimekihamishia kwenye biashara.

Mke wangu Honorata ameondoka asubuhi kwenda Kidahwe kuangalia shamba la maharage. Aliniachia agizo moja: nisimguse mdogo wake. Nikasema ego, mama. Ego kwa Kiha ni ndiyo, na ndiyo haina muda maalumu.

Nikaenda kumhoji Veneranda akiwa anasuka. Mwaka wa kuzaliwa. Ubatizo. Shule. Ndoa. Watoto. Tabia yake kwa majirani. Akaniuliza, bila kuinua macho, mteja wa mkeka anautakia nini ubatizo wake, ataulalia? Nikamweleza kwa utulivu kwamba mteja hanunui kitu, ananunua mtu. Akasema basi yeye hauzwi. Nikamweleza tena. Kueleza ni kazi ya subira.

Nimetumia wakati uliopita. Wakati uliopo una haraka ya kisokoni. Wakati uliopita una heshima. Nanakili hapa ili kizazi kijacho kijifunze:

“Bibi Veneranda alizaliwa Bangwe, kando ya ziwa, katika familia ya wavuvi na wasukaji. Alijaliwa watoto wanne na wajukuu wengi. Enzi zote alikuwa mcheshi, mpenda watu, asiyekaa bila kazi mkononi. Ndugu, jamaa na marafiki, mnaombwa kufika kwenye fremu yake, Gungu, Ijumaa saa nane mchana. Mikeka ipo.”

Angalia mwisho huo! Semina ilisisitiza: mwambie msomaji aende wapi, lini, na kwamba bidhaa ipo. Nimejisomea kwa sauti. Nilipofika kwenye wajukuu, chozi.

Jumatano, 25 Oktoba.

Picha. Nimemwita Elikana, kijana mchoraji wa mabango na majina ya mitumbwi. Simu yake ni nzuri kuliko yangu, na biashara yake ndiyo itakayofuata kwenye Mfereji, ingawa bado hajaombwa ridhaa.

Veneranda alivaa kitenge cha kanisani. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama anapimwa. Nikamwomba atabasamu. Akasema meno yake si ya kila mtu. Nyuma yake lilionekana beseni la kijani na yule kuku. Rangi zinavuruga! Nikaamuru picha iwe nyeusi na nyeupe.

Simu ya Elikana ina fremu za kupambia picha. Aina tatu: maputo ya siku ya kuzaliwa, mpira wa miguu, na maua meupe yenye mshumaa. Maputo kwa mjane! Mpira kwa mwenye goti bovu! Nikachagua maua. Elikana akakuna kichwa, akaniuliza kama nina hakika. Nikamweleza kwamba weupe ni usafi wa kazi na mshumaa ni mwanga wa ubunifu. Akasema sawa Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Akataka tuweke bei. La hasha. Hadithi kwanza, bei baadaye.

Veneranda hakungoja kuiona. Amekwenda Bangwe kwa shangazi yake kuchukua ukindu, atarudi Ijumaa. Simu yake ni ile ya tochi, haipokei picha, na chaji imekwisha. Bora. Msanii asiyeona tangazo lake hana majivuno.

Alhamisi, 26 Oktoba.

Tumerusha! Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Maandishi ya simu yangu ni ya sisimizi, na miwani yangu ni ya kutazama mbali. Sisomi majibu. Naangalia vile vipicha vidogo vya njano, vinatosha. Wa kwanza kujibu: Khalfani! Mikono miwili iliyokutanishwa. Ananishukuru, mzee wa watu. Kisha mikono mingine, na mingine, kama watu wanaopiga makofi polepole. Kisha nyuso zinazotiririka machozi. Machozi, kwa sababu ya mikeka! Nimewagusa.

Elikana amepeleka habari hiyohiyo kwa wanakwaya, wavuvi wa Bangwe, walimu wastaafu na madereva wa bodaboda. Tuta baada ya tuta.

Simu zinaita. Mtandao unakatika, lakini kiini nakipata. Pole Mwalimu, tutafika wote. Nawaambia waje na majirani. Mama Leonia wa kwaya aliuliza alete unga au maharage. Semina haikutaja wateja wanaoleta unga. Nimeandika pembeni: mteja aliyeguswa hutoa.

Mchana alikuja Omari mwenyewe. Akanishika mkono, hakuuachia. Akasema Veneranda alikuwa mpangaji mwema, hakuwahi kumpa usumbufu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho atawaona watu mlangoni. Akasema najua, Mwalimu, najua, na sasa sina tena sababu ya kungoja mwisho wa mwezi. Akafuta macho, akaenda.

Hana sababu ya kungoja! Fremu imeokoka kabla hata ya Ijumaa!

Jioni vijana wa Khalfani wameleta turubai na mabenchi ya chama, wakayapanga mbele ya fremu. Sikuwaomba. Adui amesalimu amri, na ameleta kivuli.

Ijumaa, 27 Oktoba.

Naandika kwa nusu ya kalamu. Nusu ya pili imevunjikia uwanjani.

Nianze na mazuri. Watu! Kabla ya saa nane turubai lilikuwa limefurika. Wanaume kwenye mabenchi, kimya. Wanawake wamejitanda khanga, wakaingia wenyewe ndani ya fremu, wakatoa mikeka yote, wakaitandika, wakaikalia. Nikasema moyoni: wanaijaribu bidhaa. Moto ukawashwa, sufuria ikapandishwa. Madereva wa bodaboda walijipanga barabarani kama wanaosubiri msafara.

Nikasimama. Nikawashukuru kwa kufika. Nikasema leo ni siku ya Veneranda. Kilio! Nikangoja kitulie, kama mzungumzaji mzoefu, kisha nikaanza kutaja bei, nikianzia na mikeka mikubwa.

Khalfani akanivuta koti. Akaninong'oneza kwamba mali ya marehemu haiuzwi kabla ya arobaini, tena na shemeji! Nikamwuliza marehemu yupi. Akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akawaambia vijana waniletee maji, Mwalimu amechanganyikiwa kwa majonzi.

Nilikuwa bado nimeshika kikombe bodaboda iliposimama, na juu yake Veneranda, na mzigo wa ukindu.

Akaliona turubai mlangoni pake mwenyewe. Sasa, huku kwetu mtu aliyelelewa vizuri akikuta msiba haulizi akiwa amesimama. Analia kwanza, anauliza baadaye. Veneranda amelelewa vizuri. Akaweka mzigo chini, akajifunga khanga, akajitanda nyingine, akaingia ameinamisha kichwa, akakaa kando ya Mama Leonia, akalia. Akalia vizuri kabisa. Alipopata nafasi akanong'ona, nani ametutoka? Leonia, uso ndani ya khanga, akamjibu: Veneranda msukaji, maskini. Akauliza yupi, huyu wa hapa Gungu? Huyuhuyu, dada, mwenye fremu hii. Veneranda akapiga yowe la pili, chungu kuliko la kwanza, kwa kuwa huyo alimfahamu.

Kisha akanyamaza katikati ya yowe.

Leonia akafunua khanga.

Siwezi kueleza kwa utaratibu. Turubai liliangushwa upande mmoja. Wazee ambao hawajakimbia tangu ujana waliruka sufuria. Bodaboda zikapiga honi, hakuna aliyejua kwa nini. Khalfani peke yake hakukimbia. Alikuwa amenasa chini ya mlingoti, akisoma dua kwa sauti ya juu.

Veneranda akanijia. Akanishika tai. Hapo ndipo basi la kutoka Kasulu lilipomshusha Honorata njia panda, naye amelia kutoka Kidahwe, alikopata habari kwa jirani mwenye simu. Yebaba we! Mdogo wangu! Akaanguka, akainuka, akamwona mdogo wake akiwa ameninyonga kidogo. Akamkumbatia. Akamgusagusa mikono, mabega, mashavu, kama anayekagua mkeka. Halafu akanigeukia. Aliyoyasema siyaandiki. Yalikuwa kwa Kiha, kwa kasi, na marehemu baba yangu alitajwa humo.

Nikaomba nafasi ya kueleza. Nikanyimwa.

Na bado. Omari akatokea, nyuma yake gari jeupe, na ndani ya gari matairi. Alimwona Veneranda, akaegemea ukuta. Lakini mkataba na shirika ulishasainiwa jana, na ufunguo wa akiba ulishatoka mkononi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye hakumfukuza mtu aliye hai. Alipangisha chumba cha marehemu, na ushahidi wa kifo uliandikwa na mwalimu, una picha na mshumaa.

Veneranda akakaa kwenye mkeka wake mwenyewe, katikati ya uwanja. Viganja juu ya magoti, wazi, havina kitu. Sijawahi kuiona mikono yake hivyo. Akasema polepole, bila kunitazama, kwamba goti hili, shemeji, halifiki Ujiji.

Nilikuwa na maelezo. Nikauokota mzigo wake wa ukindu, nikauweka karibu naye.

Jumamosi, 28 Oktoba.

Siku ya kupima matokeo.

Jana sufuria ilikuwa imeshachemka, na chakula cha watu hakimwagwi. Waliokimbia walirudi mmojammoja kwa harufu ya maharage. Wakala. Ndipo likazuka jambo la rambirambi. Kila aliyekuja alikuwa ametoa chochote kwenye kapu, na mchango wa msiba haurudi mfukoni. Ni nuksi, utaitwa na msiba wako. Lakini Veneranda naye akasema hawezi kula rambirambi za kifo chake, atatapika. Kapu likakaa katikati. Mwenyewe halitaki, wenyewe hawalitaki. Khalfani akafungua katiba ya chama. Hakuna kifungu cha marehemu aliyekuja kwa bodaboda.

Honorata ndiye aliyeamua. Alisimama, mwiko wa ugali mkononi, akasema huu si msiba tena, ni shukrani, na kwenye shukrani mtu hutoa na hupokea. Kila aliyeweka kwenye kapu anyanyue mkeka aliokalia, aende nao. Mama Leonia akasema angekuwa ameshauomba tangu saa saba. Mkeka wa plastiki humganda miguuni, huu umemkaa kama kwao. Wa Ujiji wakachagua yenye rangi. Wavuvi wa Bangwe wakataka mikubwa ya kuanikia dagaa. Waliokosa wakaagiza. Veneranda alikuwa akitazama miguu ya watu ikiondoka na kazi zake, na taratibu mkono wake ukanyooka, ukachomoa ukindu kwenye mzigo, ukaanza.

Hata Khalfani aliondoka na mkeka, wa kuswalia. Alisema hakununua kwa sababu ya tangazo.

Lakini asukie wapi, auzie wapi? Hilo lilipigiwa kura kwa Kiha nilipokuwa jikoni natafuta chai. Sebule yangu. Meza yangu, vitabu vyangu, ramani yangu ya Afrika, vyote vimehamishiwa stoo ya kuni. Sebule ina mlango wa barabarani na Veneranda hatembei hata hatua. Ana sharti moja: nisiandike jina lake popote, hata mlangoni, mpaka atakapokufa kweli. Na hata hapo aandike mwingine.

Ubunifu una watu wasio na shukrani.

Jumapili, 29 Oktoba.

Misa ya kwanza. Padre alikuwa ameshapokea nia tangu Alhamisi, na hakuna aliyemkumbusha kuifuta. Tumwombee marehemu Veneranda. Marehemu alikuwa benchi la mbele, kitenge kilekile cha picha. Aliitikia utuhurumie kwa sauti kuliko wote.

Nje, watu wakapanga mstari kumgusa. Wengine kwa furaha, wengine kuhakikisha. Kila aliyemgusa, Veneranda alimwambia kwamba sasa anapatikana nyumbani kwa dada yake, aje achague. Nikamkaribia nimweleze kwamba hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya Mfereji, kurudia mwito kwa mteja. Honorata akanitazama. Nikaendelea kutembea.

Jumatatu, 30 Oktoba. Stoo ya kuni.

Naandika tathmini nikiwa juu ya gogo. Utulivu mkubwa. Mchwa wachache.

Tuzitazame hoja bila hasira, kama watu waliosoma. Lengo: watu mlangoni. Je, walikuja? Walikuja na unga! Lengo la pili: Veneranda apate pa kufanyia kazi. Amepata, na hapa ndani sipati pa kunyoosha miguu. Tangu asubuhi nasikia sebuleni kwangu wateja wakicheka. Kwa hiyo Mfereji hauna kasoro.

Kasoro ilikuwa moja tu, na ni ndogo: hatukuwafikia wasio na WhatsApp. Mfano hai ni Veneranda mwenyewe. Angelipata tangazo mapema kama wenzake, angejua yu mzima, na kusingekuwa na tafrani yoyote. Dawa yake ni redio. Redio humfikia kila mtu.

Nimemwendea Elikana, zamu yake imefika. Nikamwuliza alibatizwa wapi. Akasema Mwalimu, nakusihi, mke wangu ni mjamzito. Akabeba kopo la rangi, akaondoka kwa haraka. Unyenyekevu wa wasanii! Habari zake nimezipata kwa mama yake, na aya zimekamilika. Naona ni bora kuliko za Veneranda. Mwisho wake unatoa machozi: mitumbwi yote ya Bangwe itaendelea kubeba majina aliyoyaandika.

Mchana nimekwenda redioni. Yule bwana wa mapokezi amenipa nafasi ya Alhamisi jioni, ya bei nafuu kuliko zote, maana eti wafanyabiashara wote huikwepa. Sielewi kwa nini. Ni mara tu baada ya matangazo ya vifo, kabla muziki haujarudi. Wakati huo mkoa mzima umenyamaza, watu wamesogea karibu na redio, wanasikiliza kila jina.